Tuma kabla ya tarehe: viza na vibali vya Ujerumani kama nilivyovijua mimi

Binamu yangu alinipigia Alhamisi usiku, saa tatu na nusu, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso. "Dada, kibali changu kinaisha kesho. Miadi ya karibu ni mwezi wa nne." Sikumuuliza alikuwa wapi miezi yote hiyo, hilo nimeliweka la siku tukikutana. Nilimuuliza kama ametuma maombi. Akashangaa: atatumaje maombi na miadi hana?

Kwetu Tanga kuomba ni kwenda. Unaanza kwa mjumbe, mjumbe anakuandikia, unapeleka serikali ya mtaa, unagongewa muhuri, unasogea kata, na kila meza lazima wakuone wewe mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia hakuna nafasi mpaka mwezi wa nne, anaelewa kwamba mlango umefungwa. Ujerumani kuna kuomba, na kuna kuonana, na ni vitu viwili. Kifungu cha 81 cha sheria yao ya ukaazi kinasema ukiomba kurefushiwa kibali kabla hakijaisha, kile cha zamani kinahesabiwa kuwa hai mpaka ofisi iamue. Kinazungumzia kuomba. Miadi haimo.

Nikamwambia afungue kompyuta. Mji ukiwa na fomu ya mtandaoni, jaza hiyo na uhifadhi uthibitisho. Wa kwake ilikuwepo lakini ilikuwa inaganda ukurasa wa tatu. Basi tukaandika barua pepe kwa anwani rasmi ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kibali, na sentensi moja: Hiermit beantrage ich die Verlängerung meiner Aufenthaltserlaubnis. Yaani, kwa barua hii naomba kurefushiwa kibali changu cha ukaazi. Chini yake: Bitte bestätigen Sie den Eingang, tafadhali thibitisheni kuwa mmeipokea. Tukaambatisha pasipoti, kibali pande zote mbili, uthibitisho wa chuo, bima ya afya na taarifa ya benki. Mkataba wa nyumba hakuwa nao karibu, tukaandika kwamba utafuata. Saa tano na dakika arobaini usiku ikaenda, na jibu la mashine likarudi papo hapo. Nikamwambia alipige picha, kisha kesho akalichapishe.

Ukichelewa hata siku moja, sheria inaruhusu ofisi ikuhurumie ili usiumie kupita kiasi. Lakini hapo umeshatoka kwenye haki umeingia kwenye huruma ya mtu, na mtu huyo humjui ameamkaje.

Mimi nilifika Oktoba 2018 kusoma shahada ya pili ya uhandisi wa maji, mji wa wastani upande wa mashariki. Jina la mji silitaji, kwa sababu siku pasipoti yangu itakapobadilishwa nitarudi dirisha lile lile. Tangu hapo nimepita viza ya mwanafunzi, kibali cha mwanafunzi, kibali cha kazi, cheti cha mtoto, na mwaka 2025 nikapata ukaazi wa kudumu. Nayaandika haya kwa anayejiandaa kuja na kwa aliyekwisha kuja akakwama.

Ukiwa bado nyumbani

Watu wengi wanaogopa pesa, na ni kweli pesa inatisha. Akaunti ya zuio, Sperrkonto, ambayo mwanafunzi anaweka fedha za mwaka mzima kabla ya kupewa viza, ilikuwa euro 8,640 wakati wangu. Baba aliuza kipande cha shamba la machungwa Muheza. Sasa ni euro 11,904, nawe unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Pesa ni yako, inarudi mkononi mwako kidogo kidogo, kwa hiyo mweleweshe anayekuchangia kwamba haiendi serikalini. Mjomba wangu mmoja mpaka leo anaamini baba alihonga.

Pesa lakini ina dawa: inapatikana au haipatikani, unajua mapema. Lililonitesa mimi ni jina.

Pasipoti inaniita Mwanaisha. Cheti cha kuzaliwa kinaniita Mwanaasha. Cheti cha kidato cha nne kina herufi moja tu ya jina la baba na nukta. Tanzania hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwalimu aliandika alivyosikia, karani aliandika alivyosikia, na wote walikuwa wananiita mimi. Ubalozini Dar es Salaam, pale Umoja House, hapakuwa na neno pia. Miaka mitano nikaishi kwa amani.

Mwaka 2023 nikajifungua. Kuandikisha mtoto kunafanywa kwa msajili wa vizazi na ndoa, Standesamt, na msajili anataka vyeti vya kuzaliwa vya wazazi. Mama yule aliweka pasipoti yangu kushoto na cheti kulia, akatoa rula ya plastiki, akaishusha polepole chini ya majina mpaka ikafika kwenye ile herufi. Akagonga pale kwa ncha ya penseli. Hakusema kitu. Nilitoka na karatasi iliyo badala ya cheti: nakala ya rejesta yenye maneno kwamba utambulisho wa mama haujathibitishwa. Nimembeba miezi tisa, nimemzaa hospitali iliyo mitaa mitatu kutoka hapo, na karatasi inasema haijulikani mimi ni nani.

Nikaleta hati ya kiapo ya kuunganisha majina, iliyoapwa mbele ya wakili Tanga. Kwetu kiapo kile kinafungua milango yote. Msajili alikisoma kwa adabu, akakirudisha: anataka cheti chenyewe kirekebishwe na aliyekitoa. Ikabidi dada yangu ashughulike na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, akafuatilia miezi kadhaa, cheti kipya kikaja, kikatafsiriwa, ndipo mwanangu akapata cheti chake.

Kwa hiyo ukiwa bado nyumbani, tandaza vyeti vyako vyote mezani ufanye kazi ya ile rula mwenyewe. Jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Kikitofautiana kimoja, kirekebishe sasa ukiwa unaweza kwenda kwa miguu. Hata kama hufikirii ndoa wala mtoto.

Njoo na vyeti halisi. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili wa kwetu mara nyingi haiwatoshi. Tafsiri usifanye nyumbani. Wanataka mfasiri aliyeapishwa na mahakama za huku, na orodha yao iko wazi mtandaoni, justiz-dolmetscher.de, unachagua lugha na mji. Wa Kiswahili wapo. Cheti kilichoandikwa Kiingereza kuna ofisi zinazokipokea hivyo hivyo na nyingine hazitaki, basi uliza kwa barua pepe kabla hujalipa. Na uchapishe jibu, maana wa dirishani anaweza kuwa si yule aliyekujibu.

Anwani kwanza, mengine yanafuata

Ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha, Anmeldung. Wengine ofisi zao hazina nafasi ndani ya wiki mbili. Weka miadi ya mapema kadiri inavyopatikana na utunze uthibitisho. Unahitaji pasipoti, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, inayosema kweli umehamia. Sheria inamlazimisha mwenye nyumba kukupa. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake.

Akitokea mtu anakupangisha chumba kwa masharti kwamba usijiandikishe, ujue hujapata chumba, umepata godoro. Bila anwani hupati namba ya kodi, ofisi ya wageni haijui ikuhudumie ya mji gani, benki nyingi zinakugomea. Mnyororo mzima unaanzia hapo.

Kwenye fomu kuna swali la dini. Wa kwetu tunajaza dini kama tunavyojaza kila mahali, bila kufikiri. Mwenzangu wa chumba, Mlutheri wa Machame, aliandika evangelisch kwa fahari zote. Miaka miwili baadaye akaanza kazi, akaleta hati yake ya mshahara mezani anauliza hii Kirchensteuer ni nini. Ni kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, Bavaria na Baden-Württemberg asilimia 8. Yeye aliamua kubaki, akasema huko nyumbani sadaka ni zaidi. Simshauri mtu kuikana dini yake kwenye fomu. Nasema ujue unachokijaza.

Baada ya kujiandikisha barua zinaanza. Moja ina namba ya kodi ya tarakimu 11; namba hiyo ni ya maisha, iandike mahali pawili. Nyingine inadai ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi, na wengi huitupa wakidhani ni utapeli kwa kuwa televisheni hawana. Si utapeli. Ila inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa: mkikaa wanne mnalipa moja, mwenye namba anawapa wenzake wakaitaje.

Barua hizo zitafikaje? Hapa nisikilize vizuri. Kwa kawaida haziendi kwenye sanduku la posta kama kwetu, ukaenda na funguo yako. Mtu wa posta anakuja mlangoni kwenye visanduku vya barua na anasoma majina. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, hata kama mtaa na namba ya nyumba ni sahihi. Mimi nilikaa wiki saba kwenye chumba cha kupangishiwa na mpangaji mwenzangu, kisandukuni kuna jina lake peke yake. Barua ya ofisi ya wageni yenye tarehe yangu ya kwanza ikarudi. Nilipokwenda kuulizia nikaambiwa nilikuwa na miadi wiki iliyopita na sikutokea. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nikasahau kushuka kituo changu. Jioni ile nilikata kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, ndiyo iliyokuwepo, nikaandika jina la ukoo kwa kalamu ya wino mzito nikakibandika. Kilikaa pale mpaka nilipohama.

Miadi na kile kinachotokea mezani

Kila mji una tabia yake. Kuna miji inayofungua nafasi mpya alfajiri, kuna inayofungua mtu akighairi, kuna ambayo hakuna kuchagua, unaomba nao wanakupangia kwa barua. Waulize wanafunzi wa chuo chako, wanajua dakika. Viza ya kuingilia mara nyingi ni ya miezi michache tu, kwa hiyo anza kutafuta wiki ile ile uliyojiandikisha anwani, usingoje uzoee baridi.

Faili. Nunua faili gumu la mashimo mawili na kitobolea karatasi. Nyuma kabisa weka vyeti, mbele yake bima, benki, nyumba, chuo au kazi, na mbele kabisa barua zote za ofisi kwa tarehe, mpya juu. Kila kitu kiwe na nakala moja ya kuacha. Ofisini wanahesabu kasi. Nimewaona watu wanafungua mifuko ya plastiki pale mezani wanatafuta karatasi moja, afisa anatazama saa, na swali linalofuata linakuwa kali kuliko lilivyopaswa kuwa.

Ukiingia sema Guten Tag, kaa ukionyeshwa kiti, toa pasipoti. Salamu zetu za habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, hazina mahali. Hawakuchukii, ndivyo wanavyofanya hata wao kwa wao.

Na usibebe kitu. Shangazi yangu alinipa korosho za Mtwara, pakiti nzuri, akasisitiza nimpelekee "yule mzungu anayekushughulikia". Nami kwa ujinga wangu, siku nachukua kadi ya kwanza, nikaiweka mezani kwa tabasamu. Yule bwana hakuigusa kwa mkono. Alichukua kalamu yake, akaisukuma pakiti kwa kalamu, taratibu, mpaka ikafika upande wangu wa meza, akaendelea kuandika. Mtumishi wa umma huku hapokei zawadi, na aliyeniweka pabaya ni mimi kwa kumpa. Korosho nilizila kwenye tramu.

Ada ya kibali cha kwanza ni euro 100, kurefusha kwa zaidi ya miezi mitatu ni 93. Nikilipa huwa nacheka peke yangu, maana neno letu hela tulilipata kwao, kwenye sarafu yao ya Heller enzi za ukoloni, na sasa tunawarudishia. Picha za karatasi hazipokelewi tena: tangu tarehe 1 Mei 2025 inatakiwa picha ya kidijitali kutoka kwa mpigapicha aliyeidhinishwa, au unapigwa pale pale ofisini mahali penye mashine, kwa euro 6. Kadi yenyewe haitengenezwi hapo dirishani, inachapishwa Berlin, na inachukua wiki kadhaa.

Karatasi inayoitwa Fiktionsbescheinigung

Hii ndiyo karatasi ya binamu yangu sasa. Ukiwa umeomba na ofisi haijaamua, unaomba uthibitisho wa maandishi kwamba uko halali. Ada yake ni euro 13. Ni karatasi ya kukunjwa, ina visanduku vitatu vya kutiwa alama, na maisha yako yote yamo katika kujua kimetiwa kipi.

Kikitiwa cha kifungu cha 81 aya ya 4, maana yake ulikuwa na kibali, ukaomba kurefusha, na kibali kinaendelea: kazi uliyoruhusiwa unaendelea nayo, na unaweza kusafiri nje ukarudi. Kikitiwa cha aya ya 3 sentensi ya kwanza, maana yake uliingia kihalali bila viza wala kibali, ukaomba ukiwa ndani, na ukaaji wako unahesabiwa kuwa halali mpaka waamue. Ukitoka Ujerumani na hiyo, kurudi huna haki nako. Karatasi zinafanana. Soma kisanduku kabla hujanunua tiketi, na ukikuta wametia alama mahali pasipo pake, sema hapo hapo mezani, usiondoke nayo.

Mwaka 2022 nilikuwa nabadilisha kutoka mwanafunzi kwenda mfanyakazi, bibi yangu akafariki. Nilikuwa na aya ya 4, nikaenda Tanga kuzika. Shida ilinipata wakati wa kurudi, uwanja wa Dar. Kijana wa kaunta ya shirika la ndege aliigeuza karatasi juu chini. Akaniuliza viza iko wapi. Nikamwonyesha kisanduku. Akasema hii haina hata plastiki. Akamwita mwenzake, mwenzake akaipiga picha akamtumia mtu, nyuma yangu foleni inanung'unika, mama mmoja ananiambia mwanangu wasije wakakuacha. Dakika arobaini. Kilichoniokoa ni kadi yangu ya zamani iliyokwisha muda, ambayo nilikuwa karibu niiache Ujerumani: msimamizi aliposoma namba ya kadi na kuiona imetajwa kwenye karatasi, akaelewa vinasomwa pamoja. Safiri na vyote viwili. Fika kaunta mapema kuliko wengine. Na epuka njia ya kubadilisha ndege mara mbili, kwa sababu kila uwanja utaanza upya.

Pasipoti yako ndiyo mipaka yako

Hawakupi kibali kinachoishi zaidi ya pasipoti. Nimemwona mtu mwenye mkataba wa kazi wa miaka minne anapewa kibali cha miezi mitano kwa sababu pasipoti ilibakiwa na mitano, akalipa ada, akarudi akalipa tena. Pasipoti ikibakiza mwaka mmoja, anza. Maombi ya pasipoti yetu yanajazwa mtandaoni na yanataka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Uliyeondoka nyumbani kabla hujaipata, hilo lishughulikie ukiwa likizo Tanzania. Baadaye unakwenda mwenyewe ubalozi wetu, Eschenallee 11, Berlin, kwa alama za vidole. Wakati unasubiri, mwandikie wa ofisi ya wageni kwamba umeomba pasipoti mpya, na uambatishe risiti.

Wakikataa

Bahasha ya manjano usiiogope, ila usiiache sakafuni. Mtu wa posta anaandika tarehe juu yake kwa mkono, na siku zako zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, umeifungua hujaifungua. Kwa hiyo bahasha yenyewe unaitunza pamoja na barua.

Barua ya uamuzi inaitwa Bescheid. Ruka maneno yote, nenda mwisho kabisa, tafuta Rechtsbehelfsbelehrung. Hapo ndipo wanapokuambia unaweza kupinga wapi na kwa muda gani. Kwa kawaida ni mwezi mmoja. Wakisahau kuiandika, muda unakuwa mwaka. Kupinga kwenyewe si lazima uwe na hoja zote siku hiyo: unatuma karatasi fupi iliyotiwa saini kwamba unapinga na sababu zitafuata, kwa rejista ya posta, au unaitumbukiza kwenye sanduku la ofisi mwenyewe. Sio barua pepe kwa hili. Pingamizi linataka saini. Januari 2021, ofisi zikiwa zimefungwa kwa korona, mimi niliwasilisha hivyo maombi yangu ya kurefusha. Rafiki yangu alisimama na simu akanirekodi nikiionyesha bahasha, tarehe kwenye gazeti, sanduku, mkono ukiingia. Theluji imetufika vifundoni, tunacheka kama wezi. Haikuhitajika kamwe, lakini nililala usingizi.

Kuna na kutojibiwa kabisa. Ikipita miezi mitatu tangu uombe kila kitu kikiwa kamili na hawana sababu ya maana, unaweza kuishtaki ofisi kwa kutofanya kazi, Untätigkeitsklage. Jirani yangu Mcongo wa Bukavu alimpata wakili akaandika barua ya onyo tu, kesi haijafunguliwa, na kadi ikapatikana ndani ya wiki tatu.

Kabla ya wakili lakini, nenda kwa washauri wa bure. Mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu yana dawati la Migrationsberatung, ushauri kwa wahamiaji, katika miji mingi, na vyuo vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wanakaa nawe, wanasoma barua, wanapiga simu kwa Kijerumani kile chenye makali kinachosikilizwa. Mimi niliwajua mwaka wa nne. Aibu yangu.

Ukishakaa sana

Aliyehitimu chuo cha hapa akafanya kazi ya taaluma yake anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kibali hicho, akiwa na michango ya pensheni ya miezi 24. Wengine kwa kawaida ni miezi 60. Taarifa ya michango waombe mfuko wa pensheni wenyewe, inakuja kwa posta bure. Ukiwa nao usidhani sasa umefungwa kamba isiyokatika: ukitoka Ujerumani zaidi ya miezi 6 unaweza kuupoteza, hivyo anayetaka kurudi kumuuguza mzazi aandike kuomba muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka.

Uraia ni jambo jingine. Tangu Juni 2024 Ujerumani haikudai tena uache uraia wako, na miaka imeshuka kutoka minane hadi mitano. Mkenya anachukua zote mbili bila wasiwasi. Mtanzania mtu mzima sheria yetu haimruhusu, na hapo mimi bado nimekaa. Fomu ninayo, imo kwenye faili, kipengele cha mwisho, haijajazwa.

Binamu yangu alipata jibu la mtu siku ya kumi na moja: maombi yamepokelewa, alete mkataba wa nyumba. Nikamuuliza kisanduku chake cha barua kimeandikwa nani. Kimya. Nikamwambia akate plasta.